Miguu Kwanza: Kujifungia Rolibaa ya Gari la Mbio Nyumbani, Hapa Nairobi

Ukienda harusi ya mashambani siku moja baada ya mvua kubwa, hutakosa kuona kisa hiki: mzee mzito anaketi kwenye kiti cha plastiki, na mguu mmoja wa kiti unaanza kuzama. Kiti ni kizima, hakina hata ufa. Ardhi ndiyo iliyoshindwa. Kijana mmoja anatafuta kipande cha ubao, anakisukuma chini ya mguu ule, na mzee anaendelea na pilau yake.

Rolibaa, yale mabomba ya chuma yanayofungwa ndani ya gari ili paa lisikuponde likibiringika, ina tatizo lile lile. Watu wakiniuliza, huuliza habari za bomba: unene gani, rangi gani, fundi gani anapinda vizuri. Wachache mno huuliza habari za miguu. Ilhali gari likibiringika, uzito wake wote, kilo 1,200 hivi kwa Subaru Impreza ya zamani, unapitia kwenye mabomba hayo na kushukia mahali panne ambapo bati lake lina unene wa milimita moja, mara nyingi pungufu. Usipoweka ubao chini ya mguu, bomba litatoboa sakafu kama kigingi cha hema, na paa litashuka kukufuata.

Haya ninayoyaandika yametoka kwenye kazi niliyofanya kwenye Impreza yangu ya zamani, aina ya GC8, ya milango minne, katika maegesho ya ploti tunayopanga kule Kasarani. Ilinichukua wikendi mbili na jioni kadhaa, ukihesabu na zile ambazo stima ilipotea. Rolibaa yenyewe ni ya miguu minne, ya kufungwa kwa bolti. Gari lako likiwa tofauti vipimo vitabadilika, ila mpangilio wa kazi ni huu huu.

Unaihitaji kweli?

Rolibaa ya miguu minne ina upinde mkuu unaosimama nyuma ya viti vya mbele, mihimili miwili inayotoka juu ya upinde kwenda nyuma hadi kwenye matao ya magurudumu, na bomba la mshazari linalokata upinde kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Nyingi huwa pia na bomba la mlalo la kufungia mikanda. Hiyo inakutosha kwa siku za kukimbizana na saa uwanjani, kama pale Whistling Morans huko Athi River. Kwa rali haitoshi hata kidogo. Kule kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinataka kizimba kamili chenye nguzo za mbele zinazofuata kioo. Kama unalenga mashindano yaliyo chini ya KMSF, shirikisho la mbio za magari la Kenya, chukua kwanza kanuni za shindano lenyewe, uzisome, ndipo ufungue pochi. Kuna watu wamefunga rolibaa nzuri kabisa na kurudishwa getini.

Kuna jambo ambalo wauzaji huwa hawalitaji. Kichwa kisicho na helmeti kikigonga bomba la chuma, hata kwa mwendo wa mjini, bomba halitoi nafasi. Ukigongwa kwa nyuma kwenye foleni ya Thika Road, kiti chako kinalala, kichwa kinakwenda nyuma mahali ambapo zamani palikuwa na hewa tupu, na sasa pana chuma. Kwa hiyo gari ambalo bado unalipelekea watoto shule, liache. Na rolibaa ikishafungwa, hakuna mtu anayeketi nyuma tena, hata binamu yako anayeomba lifti ya kufika Roysambu tu. Mimi niliondoa kiti cha nyuma kabisa ili mjadala huo usizuke. Waarifu pia watu wa bima kwa maandishi kabla ya kuanza.

Bomba, na mizani ya bucha

Vipimo ambavyo wengi huvifuata ni vya FIA, Kiambatisho J, kifungu cha 253. Upinde mkuu uwe wa chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye nguvu ya kuvutika isiyopungua 350 N kwa milimita mraba. Kipenyo cha nje ni milimita 45 kwa unene wa 2.5, au milimita 50 kwa unene wa 2.0. Mihimili na mabomba mengine yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Gari lako la kujifurahisha halilazimiki kufuata kanuni hizo, lakini sioni kwa nini mtu ajitengenezee kinga iliyo dhaifu kuliko kiwango cha chini.

Shida yetu hapa ni lugha ya dukani. Ukiingia kwenye duka la chuma Industrial Area au Gikomba ukaomba bomba la inchi moja na nusu, utapewa bomba la maji, na muuzaji hatakuwa amekudanganya. Bomba la maji la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, kwa kuwa inchi zile zinahesabu tundu la ndani, tena kwa makadirio. Kwa kawaida ni bati lililokunjwa na kuunganishwa, halikutengenezwa kwa kupindwa wala kwa kugongwa. Likiwa na zinki juu, ukilichomelea moshi wake utakulaza na homa usiku kucha. Kwa macho linaonekana imara kushinda lile linalotakiwa, nalo ni zito zaidi, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Chungulia ndani ya bomba kwa tochi ya simu, ukipitisha kidole: mshono unaonekana au unahisika kama uzi. Pima kipenyo na unene kwa vernia mahali pasipo na vinundu vya msumeno. Kisha kata kipande cha mita moja ukakipime uzito. Bomba la 45 kwa 2.5 lina kilo 2.6 kwa mita. La 50 kwa 2.0 lina 2.4 hivi, la 38 kwa 2.5 lina 2.2, na la 40 kwa 2.0 lina 1.9 hivi. Mimi nilikwenda na kipande changu bucha ya mtaani, nikakipanguza vizuri, na mwenye bucha akacheka hadi wateja wakageuka. Lakini mizani yake haikosei.

Sasa kupinda. Upinde wangu wa kwanza niliutengenezesha kwa fundi mmoja ambaye kazi yake ya mageti ni safi kupindukia. Alijaza bomba mchanga, akalipasha moto hadi likawa jekundu, akalikunja taratibu kwenye kiolezo cha zege. Lilitoka likipendeza. Nilipolipima kwenye kona, upande mmoja ulikuwa milimita 49 na ule wa pili 40. Kanuni inasema kipenyo kifupi kigawanywe kwa kirefu, na jibu lisipungue 0.9. Langu lilikuwa 0.82. Tena moto ulikuwa umeharibu sifa ya chuma kilichovutwa baridi, na hilo huwezi kuliona kwa macho. Upinde ule sasa umebeba mipashini ya mama mwenye nyumba. Bomba la rolibaa linapindwa likiwa baridi, kwa mashine yenye kiolezo kinachokumbatia bomba, na mviringo wa kona, ukipimwa kwenye mstari wa katikati ya bomba, usiwe chini ya mara tatu ya kipenyo chake. Fundi asipokuwa na mashine hiyo, mshukuru na uende zako.

Ndiyo sababu nilinunua iliyokwisha tengenezwa. Cusco wa Japani na Safety Devices wa Uingereza wanatengeneza za magari mengi tuliyo nayo, na mara moja moja zilizotumika huonekana Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado tunaiita Grogan, zikiwa zimetoka kwenye magari yaliyokatwa. Ukinunua iliyotumika, beba sumaku: isiponasa, hiyo ni ya mapambo. Angalia kwa tochi kando ya kila mshono wa kuchomelea, tafuta nyufa nyembamba kama unywele, na ujiulize kwa nini imepakwa rangi mpya mahali pamoja tu. Iliyowahi kubiringika usiinunue hata kwa bei ya chuma chakavu.

Kulivua gari

Ondoa waya hasi wa betri, kisha ukanywe chai. Dakika kumi zinatosha mfumo wa mifuko ya hewa kutulia. Kama gari lako lina mifuko ya pembeni juu ya milango, soma kitabu cha gari kabla ya kugusa chochote karibu na nguzo, kwa sababu upinde unapita hapo hapo na mfuko unahitaji njia ya kufungukia.

Viti vya mbele vinatoka kwa bolti nne kila kimoja, na kwenye magari mengi ya Kijapani ni spana ya 14. Kiti cha nyuma, mikanda, plastiki za pembeni na zulia vifuate. Zulia usilikate sasa, likunje tu. Utalikata mwishoni ukijua mguu ulipotua. Kwa bolti natumia trei ya mayai: kila tundu ni sehemu moja ya gari, na kalamu inaandika pembeni. Zamani tulikuwa tunatia kwenye mifuko ya plastiki, lakini tangu marufuku ya mwaka 2017 trei imenifaa kuliko ile mifuko ilivyowahi kunifaa.

Chini ya zulia utakutana na lami ngumu ya kuzuia kelele. Iondoe mahali pote ambapo pleti itakaa na sentimita tano zaidi kuzunguka. Ipashe joto kwa hita ya kupuliza, uichokoe kwa patasi butu, na mabaki uyafute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Pleti ikikaa juu ya lami, bolti zitaonekana zimekaza leo na mwezi ujao zitakuwa zinacheza, maana lami inatambaa.

Hapo chuma kikiwa wazi, ndipo unapoamua kama kazi inaendelea. Chukua bisibisi ya zamani uchome kwa nguvu kwenye kona za sakafu, kwenye maungio ya kizingiti cha mlango, na kwenye matao ya nyuma. Gari lililoishi Pwani, au lililotoka sehemu za Japani zinazomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, linaweza kung'aa juu na kuwa biskuti chini. Bisibisi ikipenya, kazi ya kwanza ni kukata kutu na kuchomelea bati jipya, na rolibaa isubiri. Yangu ilikuwa na doa kubwa kama kiganja karibu na kizingiti cha kushoto. Nilipoteza wikendi nzima hapo.

Kuiingiza na kuipima

Upinde unaingia kwa mlango wa nyuma, kichwa kwanza, watu wawili, blanketi zikiwa zimetandazwa kwenye dashibodi na kingo za milango. Kwenye gari la milango miwili utauzungusha kama kitanda kinachopandishwa ngazi za fleti, na mtu mmoja lazima awe mtulivu. Usitoboe chochote bado. Simamisha upinde, shikiza mihimili ya nyuma kwa bolti zilizolegea, kisha anza kutazama.

Upinde ukae karibu na nguzo ya mlango na karibu na paa kadiri inavyowezekana, lakini usiguse. Nafasi ya kidole inatosha. Ukigusa, kila tuta litakupigia kelele hadi uichukie kazi yako. Pima kutoka kila mguu hadi alama moja ya kudumu mbele, kwa mfano tundu la bolti ya kiti, pande zote mbili, uone kama upinde umenyooka au umekaa upande. Mihimili ya nyuma iwe imelala angalau nyuzi 30 kutoka wima, iliyonyooka bila kona yoyote. Mhimili uliopindwa ili kukwepa spika ni mhimili uliokwisha kuanza kukunjika.

Sasa rudisha kiti cha dereva, vaa helmeti, jifunge mkanda, na umwite mtu mwenye mpini wa ufagio. Aulaze kutoka juu ya upinde hadi ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Helmeti yako iwe chini ya mpini kwa sentimita tano au zaidi. Ikigusa, teremsha kiti. Wengi husahau kusogeza kiti nyuma hadi mwisho na kujaribu kama mgongo wa kiti unagonga bomba. Watu warefu hapa hupoteza sentimita kadhaa za miguu, na ni heri ujue leo kuliko baada ya mashimo kumi na mawili.

Miguu

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Mguu mkuu ukae pale sakafu inapokutana na kizingiti, kwa kuwa pale bati limekunjwa na kuunganishwa tabaka kadhaa. Katikati ya sakafu ni bati tupu linalobonyea hata kwa goti lako. Chini ya mguu inakwenda pleti ya kuimarisha. FIA wanataka iwe na unene wa milimita 3 au zaidi na eneo lisilopungua sentimita mraba 120, yaani kama sentimita 10 kwa 12, na bolti zisizopungua tatu kwa kila mguu wa upinde mkuu. Miguu ya nyuma inaruhusiwa sentimita mraba 60 na bolti mbili. Mimi nilizidisha. Pleti zangu za mbele ni sentimita 15 kwa 12, na zimekunjwa kwa umbo la L ili sehemu moja ilale sakafuni na nyingine ipande kwenye ubavu wa kizingiti. Mzigo ukija, sakafu inabanwa na kizingiti kinavutwa kwa pamoja.

Kata kiolezo cha katoni kwanza. Sakafu ya gari ina matuta na mikunjo ambayo jicho halioni, na katoni itakuonyesha. Ukiridhika, hamishia kwenye chuma. Milimita 3 unaweza kuikunja kwenye jiliwa kwa nyundo nzito ukiwa na subira, au uipeleke Kariobangi Light Industries, mafundi wa mashine za kukunja hawakosekani. Kisha zungusha kona zote kwa graindaa, na ulainishe kingo kwa tupa. Kona kali ya pleti ni kisu: gari likibiringika, bati litaanza kuchanika pale pale kwenye ncha na mpasuko utakimbia. Kona ya mviringo haina pa kuanzia.

Pleti ikae upande gani? Kwenye mfumo wa bolti tupu, sakafu inabanwa kama nyama ndani ya mkate: wayo wa rolibaa (lile bamba la mwisho wa mguu) juu, bati katikati, pleti chini nje ya gari. Kwa nguvu inayosukuma kwenda chini, wayo wa ndani unashikilia, na kwa nguvu inayovuta kwenda juu, pleti ya nje. Mahitaji ya FIA yanakwenda mbali zaidi: pleti ichomelewe kwenye bodi. Ukifuata njia hiyo tafuta mtu wa mashine ya migi, ile inayochomelea kwa waya mwembamba. Mashine ya rodi, ile ya mageti, itatoboa bati la milimita moja kabla fundi hajapepesa jicho. Joto lielekezwe kwenye pleti nene na liruhusiwe kulamba bati. Hakikisha ameondoa betri, amefunika vioo, ameondoa lami na zulia pande zote mbili, na kuna mtu amesimama na kizima moto akiangalia upande wa pili wa bati, maana moto wa gari huanzia upande ambao mchomeleaji haoni. Kuchomelea karibu na tanki ambalo halijatolewa, hapana. Hata likiwa tupu. Hasa likiwa tupu, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka.

Miguu ya nyuma inatua kwenye matao ya magurudumu, na pale bati limejipinda kwa pande mbili. Usibane pleti iliyonyooka juu ya bati la mviringo ukitegemea bolti ziinyooshe. Utakuwa umepinda tao na kuacha pengo ambalo tope la Nairobi litalipata. Igonge pleti hadi ikae yenyewe bila kulazimishwa.

Kutoboa

Kwanza lala chini ya gari. Gari liwe juu ya stendi mahali pagumu, kamwe si juu ya jeki peke yake, na mawe yamezuia magurudumu. Fuata kwa kidole mabomba ya breki, mabomba ya mafuta, na waya. Kwenye magari mengi ya Kijapani tanki liko chini ya kiti cha nyuma kabisa, yaani hatua chache kutoka mahali unapotaka kupeleka drili. Chora kwa chaki chini ya gari kila kitu ambacho hutaki kukitoboa.

Wayo wa rolibaa ndio kiolezo chako. Weka alama katikati ya tundu kwa ponchi, toboa kwa biti ya milimita 3, uinuke, ukachungulie chini ilikotokea. Tundu langu la kwanza lilitokea vidole viwili kutoka bomba la breki, nami nilikuwa nimeapa kwamba liko upande mwingine kabisa. Tundu la milimita 3 linazibika. La 10 ni hadithi nyingine. Ukiridhika, panda hadi 6, kisha hadi kipimo cha bolti, polepole, na matone ya mafuta ili biti isiungue. Toboa tundu moja, tia bolti, ndipo ulitoboe linalofuata. Ukitoboa yote kwa mkupuo, upinde utasogea milimita mbili na matundu ya mwisho hayatakutana.

Kuna mtego mmoja. Bolti ikipita kwenye kizingiti ambacho ndani ni kisanduku chenye uwazi, ukiikaza unakiponda kisanduku, na spana itakuambia imekaza ilhali inakunja bati. Hapo lazima kuwe na bushi ya chuma ndani, ya urefu sawa na uwazi huo, ili bolti ikaze chuma kwa chuma. Kama huwezi kuiweka, hamisha mguu.

Kila tundu lilainishwe kwa tupa, lipigwe msasa, lipakwe praima pande zote mbili, na liachwe likauke hadi kesho. Najua unataka kumaliza leo. Bati tupu lenye tundu, na mvua za Aprili, ni kutu ifikapo Juni.

Kufunga

Bolti ziwe M8 au zaidi, daraja la 8.8 au zaidi, na namba hiyo imepigwa kichwani. Bolti isiyo na namba ni ya mlango wa kuku. Yangu ni M10. Nati ziwe za kujifunga zenye pete ya nailoni, mpya, kwa kuwa pete iliyokwisha tumika haiushiki tena uzi wa bolti, na nyuzi mbili au zaidi zionekane nje ya nati baada ya kukaza.

Tia bolti zote za miguu yote kwa vidole. Kisha funga mshazari na mihimili, bado zikiwa zimelegea. Anza kukaza maungio ya mabomba, halafu miguu ya mbele kwa kuvukavuka kama unavyokaza nati za gurudumu, mwishowe ya nyuma. Kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, M8 ya 8.8 ni karibu Nm 25, na M10 ni 45 hadi 50. Watengenezaji wakitoa namba yao, ifuate hiyo. Silanti ipakwe kuzunguka kingo baada ya kukaza. Usiipake katikati ya wayo na bati, itakuwa ile lami tena kwa jina lingine.

Sponji na mikanda

Kila sehemu ya bomba ambayo helmeti inaweza kuifikia ifunikwe sponji ngumu maalum yenye lebo ya FIA 8857-2001 au SFI 45.1. Ukiibonyeza kwa kidole gumba haizami kirahisi. Ile nyeusi laini ya kufunikia mabomba ya eyakondisheni, ambayo naiona kwenye magari mengi mno, inapendeza kwenye picha na kwisha kazi hapo. Ifunge kwa vibanio vya plastiki, vichwa vya vibanio vikielekea mbali na kichwa chako.

Mikanda ya mabega ikifungwa kwenye bomba la mlalo, iende nyuma ikishuka kidogo tu kutoka ukingo wa juu wa mgongo wa kiti. FIA wanapendekeza isizidi nyuzi 10, na mwisho kabisa ni 45. Ikishuka mno, kila ukifunga breki inakubana mabega kwenda chini na uti wa mgongo ndio unaolipa. Usiifunge sakafuni, hata kama umeona mtu amefanya hivyo. Na kiti cha kawaida kisicho na matundu ya mabega hakiifai mikanda hii, itateleza. Nunua kiti cha baketi au baki na mkanda wa gari wa pointi tatu, ambao ni mzuri kuliko tunavyoupa sifa. Angalia pia lebo ya tarehe. Mikanda hii ina tarehe ya mwisho, na ile inayouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi imebakiwa na mwaka mmoja au imekwisha kufa.

Kabla ya kurudisha zulia

Endesha siku mbili tatu za kawaida ukiwa peke yako, helmeti kichwani hata kama makanga watakucheka, upite matuta ya mtaani na vumbi la njia za ndani. Sikiliza. Mlio wa tik-tik kwenye kona ni bolti au wayo usiokaa sawa, na mlio wa kukwaruza ni upinde unaogusa paa. Rudi na spana ya toki, pitia bolti zote. Kwangu mbili za nyuma zilikuwa zimelegea kidogo, mbele hakuna. Zikilegea tena mara ya pili usikaze tu, fungua utazame pleti inalala juu ya nini.

Rudia baada ya siku yako ya kwanza uwanjani, na ulale chini ya gari uangalie kama bati limejikunja au rangi imepasuka kando ya pleti. Ili nisitegemee kumbukumbu, kila nati niliichora mstari mmoja unaovuka hadi kwenye pleti, na mstari ukivunjika najua nati imezunguka bila hata kutoa spana. Nilitumia rangi ya kucha ya dada yangu. Nyekundu inaonekana vizuri kwa tochi, nyeusi haionekani, na ile yenye kumetameta inabanduka kwa vumbi la Athi River.